Tahadhari: anayeuza "nyumba kwa ufunguo" Unguja, hasa kwa ndugu zetu walio nje

Assalamu alaykum wanakwetu. Nawaandikia wote wanaojenga Unguja, na zaidi ndugu zetu walioko Muskat, Dubai na London wanaotuma pesa na kujengewa kwa picha. Kuna mtu anapita kwenye makundi ya WhatsApp ya Wazanzibari, anajiita mkandarasi, anauza "nyumba kwa ufunguo". Unalipa kwa awamu nne, unaletewa video kila wiki, ukija likizo unakabidhiwa ufunguo. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri liko kwa wakili. Nitaeleza anavyofanya kazi, na atakayekutana naye atamjua tu.

Chambo chake ni bei. Anashuka chini mpaka unawaona mafundi wengine wote wezi. Halafu ana ulimi. Atakwambia "dada yangu, mimi naogopa dhambi", atakuonesha ramani ya rangi, atakutajia nyumba alizojenga Mbweni na Kiembesamaki. Juu ya hayo anatoa garantii ya miaka 10, "kama Ulaya". Ni kweli Ufaransa mjenzi anabeba dhamana ya miaka 10 kwa kasoro kubwa za jengo, lakini kule sheria ya mwaka 1978 inamlazimisha kuwa na bima, ili akifilisika au akitoweka awepo wa kulipa. Huyu wetu bima hana, kampuni haijasajiliwa, na ofisi yake ni gari.

Nyumba ninayoisema ni ya shemeji yangu, upande wa Fuoni. Vyumba vitatu, ukumbi, na juu imemwagwa sakafu ya zege ili baadaye aongeze ghorofa. Alipokabidhiwa ilikuwa inang'aa: vigae, madirisha ya alumini, rangi ya maziwa. Masika ya kwanza ukuta wa jikoni ukatoa unga mweupe kwa chini na rangi ikavimba malengelenge. Tukaambiwa ni unyevu wa kawaida, ukuta ukapakwa tena. Masika ya pili zikaja nyufa. Sisemi zile nyembamba za plasta, ambazo karibu kila nyumba inazo na hazina haja ya kukunyima usingizi. Huu ni ufa wa mshazari, umeanzia pembe ya dirisha ukashuka mpaka chini, sarafu inaingia. Na ukiinua macho ukumbini, unaona madoa ya kutu yamejipanga kwa mistari, kila mstari umefuata nondo yake.

Tukamwita fundi mmoja mzee, mtu wa siku nyingi. Hakusema kitu. Alibandua kipande cha plasta nyuma ya mlango, akakwaruza tofali kwa ufunguo, likamwagika mkononi mwake. Ndani ya ule mchanga vilikuwamo vipande vya vigamba vya chaza. Akatia chembe kidogo ulimini, akatema. "Mchuzi huu hautaki chumvi tena," akasema, akaenda kunawa.

Mchanga wa pwani. Sababu yake kila mtu hapa anaijua: mchanga wa shamba umekuwa adimu, uchimbaji wake una vizuizi kwa kuwa ardhi inaliwa, bei ya lori inapanda, na wenye tamaa wanashuka fukweni usiku. Chumvi iliyomo inakula nondo. Kutu nayo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani hadi linapasuka na kuanguka vipande vipande. Hakuna rangi ya kuzuia hilo, na ukipiga plasta upya unaifunika tu hadi masika mengine.

Nondo zenyewe zilitupa kisa kingine. Ramani inasema milimita 12. Nyuma ya shimo la choo kilikuwa kimebaki kipande, tukakikata mita moja kamili, tukakipeleka dukani kwenye mizani. Nondo ya milimita 12 ina karibu gramu 890 kwa mita, yaani ile nzima ya mita 12 inakaribia kilo 10.7. Chetu kilitoa gramu mia sita na kidogo. Huo ni uzito wa nondo ya milimita 10. Kwa macho tofauti huioni, hasa kwenye video ya simu, lakini karibu theluthi ya chuma ulichokilipia hakimo ndani ya nyumba yako. Mwenye kujenga sasa hivi aende na mizani, wala asione haya. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukimpimia bidhaa yake.

Tofali ndiyo sisemi sana. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitolewa matofali thelathini na kitu ya inchi 6, hapo kuna tofali. Kijana aliyekuwa akiyafyatua alituambia waliambiwa wapitishe 60. Yalikaushwa juani bila kumwagiliwa, na kesho yake yalikuwa ukutani. Zege na tofali vinataka maji siku 7 kwa uchache, na nguvu ambayo wahandisi wanaihesabu ni ile ya siku ya 28.

Sasa njoo kwenye uwajibikaji. Tulikutana kwa sheha, yaani kiongozi wa mtaa. Mkandarasi akasema yeye ni msimamizi, kazi kafanya fundi. Fundi akasema alikuta matofali yameshafika na nondo zimeshakatwa. Mwenye banda la matofali akasema mchanga aliletewa na dereva wa lori. Dereva hajulikani alipo. Ukimsikiliza kila mmoja peke yake unaweza kumuonea huruma, na nadhani ndiyo maana wanapangwa hivyo, kila mtu na kipande chake, bila karatasi inayowaunganisha. Karatasi iliyopo ni makubaliano ya ukurasa mmoja yanayosema "nyumba ya kisasa yenye ubora". Hayataji unene wa nondo, aina ya mchanga wala mchanganyiko wa zege. Saini ya sheha imo, lakini sheha alishuhudia kuwa watu wawili wamekubaliana, hakupima zege. Kibali cha ujenzi nacho kimo, na huyu bwana anakitembeza kama cheti cha ubora. Kibali kinakuruhusu kujenga kilichomo kwenye ramani, hakithibitishi kuwa kilichojengwa ndicho hicho.

Kuna watakaosema majengo yanayoanguka ni ya zamani. Beit el Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu ya Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikaua watu wawili, nayo ni ya karne ya 19. Lakini lile jengo la ghorofa 16 la mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lililoua watu 36 Machi 2013, lilikuwa bado linajengwa.

Kumtambua huyu si kazi. Ana haraka ya kupiga plasta. Video zake zina kuta zilizosimama na kuta zilizopakwa rangi, siku ya kufunga nondo na siku ya kumwaga zege hazionekani, au simu ilikuwa haina chaji. Ukimwambia unataka kumleta mhandisi wako anaona umemvunjia heshima. Ukimuuliza namba ya usajili anakwambia inashughulikiwa. Zanzibar ina bodi zake za kusajili wahandisi na makandarasi, nenda kaulize huko mwenyewe, usikubali picha ya cheti kwenye simu. Mhandisi mlipe wewe, aje msingi ukiwa wazi, aje nondo zikiwa zimefungwa kabla ya zege, aje kuta zikiwa uchi. Na kwenye mkataba andika kuwa asilimia 5 au 10 ya bei inabaki mkononi mwako hadi masika moja ipite. Kwenye miradi mikubwa huo ni utaratibu wa kawaida, na mkandarasi anayeukataa ameshakujibu.

Kama ameshachukua awamu zako, usilipe ya mwisho na usikubali kupakiwa rangi "bure". Piga picha za nyufa zikiwa na rula pembeni na tarehe, hifadhi vipande vya nondo na tofali, tunza risiti na sauti zote za WhatsApp, kisha mpate mhandisi aliyesajiliwa akuandikie ripoti yenye muhuri. Wakili wetu alituambia bila ripoti hiyo kesi inakuwa maneno kwa maneno. Malalamiko ya bidhaa yapelekwe pia Taasisi ya Viwango (ZBS). Hadi sasa tuko familia tatu, na wakili anataka kuunganisha mashauri. Aliyekumbwa aniandikie faragha, nitampa namba ya wakili.