Kadi za maswali ya mapenzi, msiba na roho: fungu la kufiwa ndilo lenye thamani

Kwa umbo sina neno. Kasha ni imara, kadi ni nzito, na maandishi yanasomeka vizuri hata kwa macho yangu. Nilizinunua kwa ajili yangu na mwanangu wa kiume. Tangu baba yake afariki, tumekuwa tukizungumza habari za bili na mafundi tu, na jina la marehemu kila mmoja wetu analikwepa ili asimuumize mwenzake.

Kadi zimegawanywa mafungu matatu: mapenzi, kufiwa, roho. Kwa ubora, mafungu hayo hayakaribiani hata kidogo.

Lile la mapenzi limejaa maswali ya jumla. Mapenzi ya kweli ni yapi? Je, usaliti unasameheka? Maswali ya namna hii mtu huyajibu kwa maneno aliyoyaokota kwa watu, na mwanangu aliyamaliza kadhaa bila hata kuinua macho. Moja tu lilitugusa: ulijuaje kwamba unapendwa kabla hujaambiwa? Hapo nilimsimulia enzi nikifanya kazi zamu ya usiku. Nikirudi alfajiri nilikuta taa inawaka na kiti kimegeuzwa kuelekea mlangoni, baba yake kakisinzilia, viatu bado viko miguuni. Hakuwahi kusema kwamba alikuwa akinisubiri. Mwanangu hakuwa analijua hilo.

Fungu la kufiwa ndilo lililonifanya niandike maoni haya. Aliyeyatunga maswali yake anaujua msiba, maana hakuulizi unajisikiaje. Anakuuliza ni kitu gani cha marehemu ambacho mpaka leo umeshindwa kukiondoa. Anakuuliza mara ya mwisho mlizungumza jambo gani la kawaida. Mimi nilitaja miwani yake, ile yenye mkono uliofungwa kwa uzi mweusi, ambayo bado iko kwenye droo ya upande wake wa kitanda. Mwanangu alikaa kimya, kisha akatoa simu, akanisikilizisha ujumbe wa sauti wa sekunde chache: kikohozi kwanza, halafu "Ukifika nijulishe." Amekuwa akiuhamisha kutoka simu moja hadi nyingine miaka yote hii. Kadi tuliziacha hapo hapo mezani, tukaongea mpaka usiku wa manane.

Kijitabu cha maelezo, kwa upande mwingine, kingeandikwa upya chote. Kinazieleza zile hatua tano za daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross (kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni kubwa, kukubali) kana kwamba kila mfiwa lazima azipande kama ngazi. Mwaka 1969, mama huyo alipoziandika, alitegemea mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Mimi sikupitia ngazi yoyote. Nilicheka kwenye matanga, na miaka ikapita ndipo nikalia kwa sababu ya uzi mweusi.

Kinashauri pia ujibu kwa sentensi moja. Msikifuate. Mwaka 1986 watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall waliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, waandike habari za mambo yaliyowaumiza. Walioeleza tukio pamoja na hisia zao walitoka na huzuni zaidi siku hizo, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao walioandika mambo madogo madogo. Jambo zito linataka nafasi, na sentensi moja humpa mtu mahali pa kujifichia.

Fungu la roho ndilo dhaifu zaidi. Maswali mengi yanachukulia kwamba mmeshakubaliana roho ni nini. Mimi ni mtu wa imani, mwanangu anasema hajui, na kadi zile zilimfungia nje kabla hajafungua kinywa. Isipokuwa moja: unaamini kuna nini baada ya kifo, na ni nani aliyekufundisha hivyo? Kile kipande cha pili kilitupa sote wawili la kusema, kwa sababu wote tulimtaja mtu mmoja.

Kasoro nyingine ni kwamba unaambiwa uzichanganye na uchomoe yoyote. Yale maswali 36 ya mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake, ya mwaka 1997, ya kuwafanya watu wawili wasiofahamiana wawe karibu, yamepangwa kwa seti tatu zinazozidi kuwa za ndani, na wawili wanajibu kwa zamu kwa muda wa dakika 45 hivi. Sisi tulizipanga wenyewe kwa mtindo huo, nyepesi mbele, na nawashauri mfanye vivyo hivyo.

Nitanunua kasha jingine, nimpelekee wifi yangu, dada wa marehemu. Nitamwachia fungu la kufiwa zima na zile kadi mbili nilizozitaja. Ila kama msiba wako ni wa juzi, hizi ziweke kabatini kwanza. Wakati ule mimi nisingeweza kujibu hata moja.