Waipa Mpya Bado Inapiga Kelele? Kabla ya Kulaumu Mpira, Tazama Klipu

Malalamiko ya waipa ninayoletewa na wasomaji yanafanana kiasi kwamba naweza kuyamalizia kabla sijafika mwisho wa ujumbe. Mtu kanunua waipa mpya, tena za bei, kazifunga vizuri tu, halafu mvua ya kwanza inanyesha na kioo kinalia kwi-kwi-kwi. Waipa inarukaruka badala ya kuteleza, na pale pale macho ya dereva yanapotazama kumebaki utando wa maji. Swali lake ni moja: sasa ninunue aina gani? Nami kabla ya kutaja aina yoyote humwuliza: hiyo uliyofunga, ukiishika katikati na kuipinda kushoto na kulia, inacheza?

Wengi hujibu siku ya pili kwamba inacheza.

Habari za urefu sitakaa nazo. Pima za zamani kwa futi kamba, soma kitabu cha gari, na kumbuka kwamba ya dereva na ya abiria aghalabu hazilingani. Gari linaweza kutaka inchi 26 upande mmoja na 16 upande wa pili. Kwamba mpira hukakamaa kwa jua na kuchakaa, na kwamba hubadilishwa kila miezi sita hadi mwaka, hilo umeshaambiwa na kila mtu. Mimi nataka tuzungumzie kipande cha plastiki kinachotosha kwenye kiganja cha mtoto, kile kinachoishika waipa kwenye mkono wake. Wengine wanakiita adapta, mimi nakiita klipu. Hakuna anayekitazama dukani, na ndicho kinachoamua kama pesa yako imekwenda mahali pake.

Kazi yake iko hivi. Ukingo wa mpira unaogusa kioo ni mwembamba, na hausimami wima: unalala nyuma kidogo, unaburutwa. Waipa ikifika mwisho na kugeuka, ukingo nao unapinduka na kulala upande wa pili. Ili upinduke kwa wakati, waipa yenyewe lazima iwe imesimama sawasawa juu ya kioo. Klipu ikiwa na nafasi, waipa inainama kwanza kabla mpira haujapinduka, ukingo unabaki umelala upande usiotakiwa, na badala ya kuburutwa unasukumwa kama jembe. Hapo ndipo kelele zinapozaliwa. Mpira unaweza kuwa bora kuliko yote duniani, lakini ukikaa juu ya klipu inayocheza utaruka tu.

Kwa hiyo sikiliza kabla ya kununua. Mistari myembamba ya maji maana yake mpira umechanika, umekakamaa au ni mchafu tu. Pitisha kitambaa chenye spiriti kwenye ukingo, pengine hutanunua kitu. Ikiruka ikienda upande mmoja na kuteleza vizuri ikirudi, shuku mkono wenyewe, umepindika, na waipa mpya haitakusaidia. Lakini ukisikia "tak" kila inapogeuka, juu na chini, hiyo ni klipu.

Mikono nayo si ya aina moja. Wa kawaida ni wa ndoano, umekunjwa mwishoni kama mpini wa mwavuli. Kuna wa pini ya pembeni, kuna wa kitufe cha kubonyeza, kuna wa kubana kwa meno mawili, na kila kiwanda kimeongeza chake. Hata hiyo ndoano ina vipimo: 9 kwa 3 na 9 kwa 4, yaani upana wa milimita 9 na unene wa bati milimita 3 au 4. Tofauti ya milimita moja. Ndoano ya 3 ukiiweka kwenye klipu iliyochongwa kwa ajili ya 4, itaingia, italia "klik", na muuzaji atatabasamu. Ishike sasa katikati kwa vidole viwili. Kupanda na kushuka ncha zake ni sawa, ndivyo inavyotakiwa ifuate mviringo wa kioo. Kuyumba kando, hapana.

Na hapa niseme langu. Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipata hataza ya kifaa chake cha kufutia kioo mwaka 1903. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, viwanda vinavyoweza kutengeneza gari linalojiegesha lenyewe vimeshindwa kukubaliana namna moja ya kufunga waipa. Sidhani ni bahati mbaya. Kiungo cha pekee kinakurudisha kwenye duka lao.

Sasa tuzipange.

Ya kwanza kwangu ni Bosch Aerotwin, na sioni haya kusema ninaipendelea. Hizi ni zile bapa zisizo na fremu ya juu, zina utepe wa chuma ndani unaogawa shinikizo kutoka ncha hadi ncha. Bosch waliziingiza sokoni mwaka 1999. Lakini siziweki juu kwa sababu ya ubapa, siku hizi kila mtu anauza bapa. Naziweka juu kwa sababu ya herufi. Zenye AR zimetengenezwa kwa mikono ya ndoano. Zenye A peke yake ni za magari yaliyotoka kiwandani na waipa bapa, kila namba na mkono wake. Zenye AP hubeba klipu ya kufaa mikono kadhaa. Yaani kampuni imejishughulisha kukuambia kwenye boksi jambo ambalo wenzake wanakuachia ulibahatishe. Ikiwa gari lako lina A yake, chukua A, usishawishiwe na AP kwa kuwa ndiyo iliyopo rafuni. Klipu iliyotengenezwa kwa mkono mmoja hukaza kuliko ile inayotaka kupendwa na wote.

Ya pili itakushangaza: usinunue waipa, nunua mpira tu. Kama gari lako lina waipa za fremu zilizokuja nalo, hasa la Kijapani, na fremu haijapinda wala kuota kutu, basi klipu bora kuliko zote unayo tayari, ile ya kiwandani. Denso na NWB wanatengeneza mipira ya kubadilisha. Pima upana wa mgongo wa mpira, mara nyingi ni milimita 6 au 8, kisha urefu. Vuta mpira wa zamani utoke kwenye makucha ya fremu, utaona pande zake mbili zina vyuma vyembamba kama wembe mrefu. Vitoe, tazama vilivyopinda, uvirudishe kwenye mpira mpya vikiwa vimeelekea vile vile. Ukivigeuza kinyume, waipa itagusa kioo vibaya na utaulaumu mpira bure. Mwisho mmoja wa mpira una vikomeo. Hakikisha makucha ya mwisho yamekaa ndani yake, la sivyo mpira utachomoka taratibu huku unaendesha.

Nilitaka kuiweka namba moja. Kinachonizuia ni kwamba waipa bapa nyingi hazikubali kubadilishwa mpira kwa njia hii, na kwamba kuupata mpira wenyewe ni kazi. Ukiuliza dukani utaambiwa hakuna kitu kama hicho duniani, kwa sauti ya mtu anayejua kabisa kwamba kipo lakini faida yake ni ndogo. Nimeambiwa hivyo na muuzaji ambaye mipira ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya kichwa chake.

Tatu, Denso za mseto, zile zenye fremu iliyofichwa ndani ya gamba la plastiki. Denso ilizaliwa kutoka Toyota mwaka 1949, na inajua ndoano za magari ya Kijapani. Hazina makuu. Gamba likifunikwa na vumbi la muda mrefu viungo vya ndani hukazana, kwa hiyo zimwagie maji unapoosha gari.

Nne ni Valeo Silencio. Zina alama inayobadilika rangi kukuonyesha muda wa kubadilisha umekaribia, na watu wanaipenda sana alama hiyo. Mimi hainisisimui: inakuambia habari za mpira, haisemi neno kuhusu klipu. Kwa magari ya Ulaya ambayo Valeo wana namba ya mkono wake hasa, zipandishe hadi ya pili.

Za silikoni, kama PIAA, nazitaja kwa sababu mtaniuliza. Hustahimili jua kuliko mpira wa kawaida na huacha utando kwenye kioo unaofukuza maji. Ila kioo kisafishwe hasa kwanza, mafuta na nta vitoke, la sivyo zitatetemeka hata kama klipu ni nzuri. Bei yake huniudhi.

Za bei rahisi zisizo na jina, zile zenye mfuko wa klipu kumi na mbili ndani? Kama ndoano yako ni ya kawaida na mvua iko mlangoni, chukua, lakini jaribu kuipinda kwanza.

Na kujaribu ndiko kunakozua ugomvi. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa "inaingia magari yote," muuzaji anakataa lisifunguliwe, na likishafunguliwa nyumbani halirudi. Umeuziwa kitu ambacho sifa yake kuu huruhusiwi kuihakiki. Mimi huenda na gari hadi mlangoni, au kama haiwezekani, huchomoa waipa ya zamani pamoja na klipu yake na kuiweka juu ya kaunta. Asiyekubali kufungua boksi tulinganishe, namuaga. Kuna na wale wanaokuuzia jozi ya urefu sawa kwa kuwa za upande wa abiria zimewaishia, wakikuhakikishia kwamba "itafuta zaidi." Itafuta zaidi mpaka zigongane katikati ya kioo.

Dhuluma kubwa kuliko zote iko nyuma ya gari. Waipa ya kioo cha nyuma ni fupi, ina mpira kidogo, na mara nyingi huuzwa ghali kuliko ya mbele kwa sababu kiungo chake ni cha pekee. Wengine wanakulazimisha ununue na mkono mzima. Usikubali kabla hujauliza namba ya waipa yenyewe, maana kwa magari mengi huuzwa peke yake, na muuzaji anaijua.

Ukienda kufunga, tandika taulo lililokunjwa kwenye kioo kabla ya kuchomoa ya zamani. Mkono usio na waipa una springi kali, ukikuponyoka chuma kitupu kinatua kwenye kioo, na bei ya kioo hatutaki kuijadili leo. Magari ambayo mikono imejificha chini ya boneti yana namna yake ya kuiinua kwa swichi. Iko kwenye kitabu cha gari. Ukishafunga, ipinde tena kwa vidole viwili kabla ya kutupa risiti.