Picha ilitundikwa kinyume, mtoto akafanyishwa mazoezi ya upande usio wake

Nawapa nyota moja, na hiyo moja ni ya kiyoyozi.

Nianze na picha, maana hasira yangu yote iko hapo. Eksirei ya mgongo uliopinda haitundikwi kama ya kifua. Ya kifua huwekwa kana kwamba unatazamana na mgonjwa uso kwa uso, moyo unaangukia mkono wako wa kulia. Ya skoliosisi, yaani huo mgongo uliopinda kwa upande, kwa kawaida huwekwa kana kwamba mgonjwa amekupa mgongo: moyo kushoto, kulia kwake ndiyo kulia kwako. Kwenye kona kuna herufi R (kulia) au L (kushoto), imewekwa pale ili mtu asikosee. Yule bwana wa fizio, tiba ya mazoezi na viungo (kituo sikitaji, kiko Dar) aliichomoa kwenye bahasha, akaitundika kama ya kifua, herufi ikawa inasomeka kinyumenyume, naye akaandika kwenye kadi: "upinde wa kifuani, kushoto." Papo hapo akapanga vikao kumi na kuahidi kuunyoosha mgongo.

Binti ana miaka 13, upinde wa nyuzi 22, na uko kulia. Kulia! Hata bila picha ungeujua. Mwambie mtoto ainame mbele, magoti yamenyooka, viganja vimekutana, mikono inaning'inia. Wewe kaa nyuma yake, macho yako yawe usawa wa mgongo. Upande ambao mbavu zimeinuka kama kilima ndio upande wa upinde. Hazipiti sekunde kumi. Yeye hakumwinamisha. Mgongo wenyewe hakuugusa, ila kwa mashine ya joto.

Nilipomwambia nundu iko kulia, alinijibu mbele ya mtoto: "Mama, mimi nimesomea hii kazi. Wewe umesomea nini?" Huyu mtoto nimemwogesha tangu azaliwe. Najua nundu yake iko wapi.

Tena hata ukimkubalia, anajifunga mwenyewe. Kwa vijana, upinde wa kifuani mara nyingi huwa wa kulia. Ukikuta wa kushoto, mtaalamu makini anajiuliza kama kuna kitu kwenye uti wenyewe, ule wa neva ulio ndani ya mgongo, na huenda akaomba MRI, picha inayoonyesha hadi neva. Huyu hakuomba. Wala hakuuliza kama maumivu yanamwamsha usiku, kama ana homa, anakonda, au miguu inakufa ganzi. Kwenye nchi ambayo kifua kikuu hushuka hadi kwenye pingili za mgongo, maswali hayo ndiyo ya kwanza, mazoezi baadaye.

Vikao sita vikaenda hivyo, kwa upande usio wake, na maumivu yakazidi.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi zaidi: mahali hapohapo wanajua kazi. Jumamosi moja tulimkuta dada mwingine wa zamu, kijana tu. Akaipindua picha bila kusema neno, akamwinamisha mtoto, akatoa kifuko cha kitambaa chenye mchele kama nusu kilo. Mchele, si sponji, kwa sababu sponji inabonyea na kukaa bapa, mchele unashika umbo la mbavu. Mtoto analala chali, magoti juu, nyayo chini. Kifuko kinakaa chini ya nundu, kulia, kuisukuma mbele. Pumzi inavutwa kwa pua na kupelekwa upande uliobonyea, kushoto nyuma. Dada aliweka kiganja pale akamwambia, "Nisukume mkono kwa mbavu zako." Kisha pumzi inatoka polepole kwa "sss" ndefu, misuli ikikazwa ili mwili usirudi ulikokuwa. Pumzi tano, pumzika, rudia mara tatu.

Nyumbani zoezi hili linaharibika kwa namna tatu. Kifuko kinateleza hadi kiunoni. Mabega yanapanda masikioni, maana yake pumzi imeishia juu. Au kiuno kinajikunja juu kama daraja, na hapo mtoto ataamka anaumwa kuliko alivyolala. Ukiona mojawapo, simamisha, panga upya. Nusu saa kila siku, na kioo kirefu kwa mazoezi ya kusimama. Ukiweka kifuko upande usio wake na kupeleka pumzi kwenye nundu, huenda kila siku unaupa upinde nguvu.

Dada hakuahidi kunyoosha chochote. Alisema mazoezi yanatuliza maumivu na yanaipa misuli nguvu ya kumshikilia mtoto, picha irudiwe baada ya miezi kadhaa, na tofauti chini ya nyuzi 5 isitushtue kwa sababu kipimo chenyewe hutofautiana kiasi hicho. Upinde ukivuka nyuzi 25 naye bado anakua, tuongee habari za mkanda wa mgongo. Ndani ya wiki chache mtoto alikuwa anakaa darasani hadi kipindi cha mwisho bila kujinyonganyonga.

Basi nyota tatu. Kwa yule dada peke yake, tano, na mkienda ulizeni zamu yake kabla ya kulipa. Lakini hela za vikao sita hawajarudisha, wala samahani sijaisikia, kwa hiyo rudisheni kwenye mbili.

Juzi nimechungulia kadi pale mapokezi. Bado imeandikwa "kushoto".