Presha: kidonge cha kukojoza au kuchoma neva za figo?

Neva za figo zikichachamaa, figo inabana chumvi isitoke na mkojo, inamwaga renini (kemikali ya kupandisha presha), mishipa inakaza, presha juu. Sasa hidroklorothiazaidi, ndo hicho kidonge cha kukojoza, inaisukuma hiyo chumvi nje, bei poa, ila umeze kila siku, asubuhi choo hakikuachi, na upimwe potasiamu, madini ya kwenye damu. Kuchoma neva wanapitisha mpira mwembamba toka kwenye paja hadi mshipa wa figo, wanaziunguza hizo neva, mara moja basi, Marekani wameruhusu 2023, lakini ghali balaa na kwenye jaribio kubwa la 2014 haikushinda hata geresha, yaani matibabu ya kuigiza tu, majaribio ya karibuni ndo yameonyesha inashusha, tena kiasi, wengi bado wanameza dawa. Dawa tatu zikigoma, muulize daktari hiyo ya pili. Kama kidonge kinakushusha vizuri, mi ningebaki nacho.