Uzoefu wangu na kituo kipya cha saratani: kibofu, khanga na harufu ya samaki

Nyota 4 kati ya 5. Nimekitumia kama msindikizaji wa mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi: mionzi 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5, na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, kila wiki.

Ukitaka kujua kama jengo la saratani lilichorwa kwa kumfikiria mgonjwa, achana na marumaru za mapokezi. Hesabu hatua kati ya maji ya kunywa, choo na mlango wa mashine ya mionzi. Hapa hazifiki 20. Anayepigwa mionzi ya nyonga huingia na kibofu kilichojaa: anakojoa kwanza, anakunywa maji kama nusu lita, kisha anasubiri dakika 30 hadi 45. Kibofu kikijaa, utumbo husogea kando ya njia ya mionzi. Kikiwa nusu, utumbo hushuka na mfuko wa uzazi hauko tena pale ulipokuwa siku ya kupangiwa tiba.

Sasa umeme ukatike. Jenereta inawaka upesi, lakini mashine haifuati hapo hapo. Inawashwa upya, inakaguliwa, na mtambo wa kuipoza nao lazima urudi kwenye joto lake. Aliyekunywa maji hawezi kungoja yote hayo. Anakwenda chooni, anaanza moja. Ndiyo maana nimependa kwamba wahudumu hawatazami saa iliyoandikwa kwenye kadi. Wanatazama foleni, na kukuambia unywe kulingana na waliobaki mbele yako. Haigharimu hata shilingi, na sehemu nyingi hawafanyi.

Chumba cha kubadilishia nguo kina milango miwili, mmoja wa kutokea sebuleni na mwingine wa kuelekea kwenye mashine, hivyo hakuna anayekatiza mbele za watu akiwa nusu uchi. Khanga inaruhusiwa. (Aliyebuni lile gauni la kufungia mgongoni sidhani kama aliwahi kulivaa.) Kuhusu alama za ngozini za kulengea mionzi, omba vidoti vya kudumu. Mistari ya wino haidumu kwa jasho la Februari, na ikifutika usiichore mwenyewe nyumbani. Rudi kwa waliokupima.

Kuna waliolalamika kwamba mashine ziko chini. London, kituo cha saratani cha hospitali ya Guy's kilichofunguliwa 2016 kilipandisha mionzi ghorofani ili wagonjwa wasitibiwe chini ya ardhi kama wamefichwa. Lakini kuta za zege za vyumba hivi hukaribia unene wa mita 2, na kuzibeba juu ni gharama kubwa. Hapa wameziacha usawa wa barabara, ila sebule inatazama bustani yenye mwarobaini. Kwangu inatosha.

Chumba cha dripu kina viti vya kulala nyuma, na kila kimoja kina stendi yenye magurudumu. Sisplatini huenda na maji mengi kwa sababu ya figo, kwa hiyo safari za chooni haziishi. Milango ni mipana na haina kizingiti cha kukwaza stendi. Choo hicho ni cha wagonjwa peke yao, na ni sawa, maana mabaki ya dawa hutoka kwenye mkojo kwa siku kama mbili. Funika, kisha vuta maji mara mbili. Nyumbani fanya vivyo hivyo.

Kasoro ya kwanza ni upepo. Mgahawa umewekwa upande wa kusini wa jengo. Nadhani waliukagua wakati wa kaskazi, kukawa shwari. Kusi ikianza kuvuma, harufu ya samaki wa kukaanga inaingia moja kwa moja kwa watu wenye kichefuchefu, na wauguzi wanabaki kufunga madirisha kwenye joto la Dar.

Ya pili ndiyo iliyokula nyota. Picha nzima ya damu, yaani kipimo cha kuhesabu chembe za damu, lazima ichukuliwe kwenye maabara yao, asubuhi ile ile ya dripu. Unafika saa 1, majibu saa 3, daktari saa 4, na famasia haichanganyi dawa kabla hajasaini. Mwenye paklitakseli, dripu nyingine ya saratani inayochukua masaa matatu, anaanza saa 6 au 7 na kutoka saa 10 jioni, aende kusukumana kwenye mwendokasi ya Kimara akiwa hajiwezi. Wangepokea kipimo cha jana yake kutoka kituo cha karibu na nyumbani, watu wangeanza saa 2 na nusu. Chembe nyeupe zikiwa chini dripu huahirishwa, na mgonjwa angejua kabla ya kupanda daladala, si baada ya kukaa masaa matatu kwenye benchi.

Namba ya dharura iko nyuma ya kadi. Homa ikifika 38 piga muda huo huo, usimpe panadol kwanza ukasubiri kuche. Niliijaribu saa 8 usiku, wakapokea.