Uzoefu wangu: mwaka mmoja na kinanda cha vitufe 61

Kinanda hiki nilikinunua mwanangu akiwa na miaka saba, na nakiri kilichonivuta ni maandishi ya kwenye boksi kuliko kitu chenyewe: sauti 400, midundo kibao, na vitufe vinavyowaka taa kumwonyesha mtoto pa kubonyeza. Kimemaliza mwaka sebuleni kwetu. Sifa nyingi zile, leo nisingezitazama mara mbili.

Nianze na taa. Wiki ya kwanza dogo alipiga wimbo mzima bila kukosea, nikachukua video na kuwatumia ndugu wote. Siku ya nne nikazima taa. Akabaki ananitazama. Hata noti tatu za mwanzo hakuzijua. Alichojifunza ni kufukuza taa kama paka anavyofukuza kivuli, masikio yakiwa likizo. Hatujaziwasha tena.

Kosa la pili ni langu, kinanda hakina hatia. Nilibandika ratiba ukutani: dakika 30 kila jioni, ukimaliza ndipo katuni. Kufikia mwezi wa pili, saa ile ikikaribia tumbo linamuuma, au penseli ya hesabu imepotea na lazima itafutwe sasa hivi. Mwalimu tuliyempata alicheka nilipomsimulia. Akasema ratiba nibandue, dakika kumi zinamtosha, kisha akanipa kazi ambayo sikuitarajia: nikae mimi kwenye kiti nijifunze wimbo wa kwanza, mtoto atazame. Ndiyo njia ya Shinichi Suzuki, mpiga fidla wa Japani, aliyeshikilia kwamba muziki hujifunzwa kama lugha ya mama: mtoto husikia, huiga, kusoma noti huja baadaye, na mzazi naye yumo darasani.

Basi nikakaa, vidole vizito kama nimevaa glavu. Mwanangu alivumilia labda dakika mbili. "Mama, siyo hicho. Kidole cha tatu." Akanisukuma kwa kiuno, akapata nusu ya kiti, akanionyesha. Nikakosea tena, mara hii kwa makusudi, akanionyesha tena huku ameudhika kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kugusa kinanda bila kuitwa.

Sasa kifaa chenyewe. Jambo ninalolisifu kwa moyo mmoja ni kwamba vitufe vinasikia mkono: ukigusa taratibu sauti inakuwa ndogo, ukigonga inapanda. Vinanda vingi vya kuchezea havina hili, kila noti hutoka kwa nguvu ileile, na mtoto huchoka kwa sababu hana cha kusema nacho. Wa kwangu aligundua anaweza kunong'ona, na kwa siku mbili nyumba nzima ilinong'onewa. Sauti 400 tumetumia nne. (Ya tano ni mbwa anayebweka. Hiyo ilisikika kuliko nilivyopenda.)

Kitufe cha kurekodi sikukipa maanani mwanzoni, ila ndicho kimefanya kazi kuliko maneno yangu yote. Anapiga, anajisikiliza, anakunja uso, anarudia pale pale palipoharibika. Mimi ningemwambia "hapo umeharakisha" angenuna.

Kuna siku kinanda kiligeuka: anapiga wimbo anaoujua, unatoka juu kuliko kawaida, na haulingani tena na anavyouimba. Siku tatu nikiamini kimeharibika, niko tayari kukirudisha. Kumbe kidole kilikuwa kimebonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo, kile kinachopandisha au kushusha noti zote kwa pamoja. Kukizima na kukiwasha kulitosha. Maelezo ya kwenye kijitabu kuhusu hilo ni mstari mmoja tu, tena kwa herufi za kutafutia miwani.

Udhaifu mkubwa ni wepesi wa vitufe. Alipokaa mara ya kwanza kwenye piano halisi kwa mwalimu, noti zake laini hazikutoka kabisa. Alikuwa kama anayesukuma mlango uliokwama. Kwa miaka ya mwanzo vitufe hivi 61, yaani oktava tano, vinamtosha, lakini akiendelea nitatafuta chenye vitufe 88 vyenye uzito. Kishikio cha karatasi za noti nacho kinayumba. Tumekiegemeza kwa rula.

Ushauri wa matumizi: kiacheni wazi, kimechomekwa, mahali watu wanapopita. Chetu kilipokuwa chumbani ndani ya mfuko wake hakikuguswa. Kilipohamia sebuleni ndipo nilipoona hili: friji yetu hulia mlango ukikaa wazi. Jioni moja nikasikia inalia bila kukoma. Nikaenda nimekasirika, nikampita mwanangu koridoni akikimbia, midomo imefumbwa, "mmmmm", ameibeba ile sauti mdomoni isimponyoke. Akaanza kubonyeza kitufe kimoja kimoja. Hiki, hapana. Hiki, karibu. Alipokipata, akarudi mbio jikoni kuhakikisha, akarudi tena kinandani. "Mama, friji inaimba hapa!"

Nilimeza maneno ya mlango. Kesho yake alitafuta kengele ya getini, na hiyo ina noti mbili.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeikata kwa sababu ya kishikio na yule mbwa.