Rufaa ya PIP: uende mwenyewe au waamue kwa makaratasi?

Ndugu zetu mlioko Uingereza mlionyimwa PIP, ile hela ya ulemavu, kwenye fomu ya rufaa mnaulizwa kama mnataka kusikilizwa na jopo la rufaa ama liamue kwa makaratasi tu. Makaratasi ni rahisi, huendi popote, huulizwi kitu, lakini usichoandika hakipo, na barua za daktari mara nyingi zinataja ugonjwa tu, hazisemi unaogaje.

Kusikilizwa kunatisha, sikatai, manake unahojiwa na watu watatu, jaji, daktari na mtu anayejua mambo ya ulemavu, ila pale ndo wanakujua. Dada yangu aliulizwa anapikaje, akanyoosha vidole visivyokunja, akasema sufuria anaipua mtoto na siku mbaya anakula mkate mkavu, hayo hayakuwepo kwenye karatasi hata moja. Mkalimani ni bure, omba mapema jamani, usimtegemee mtoto wako atafsiri. Hata kwa simu kusikilizwa kunafanyika.

Mi nasema nenda. Andika kwenye daftari wiki nzima, siku mbaya na nzuri, na ueleze hali ilivyokuwa tarehe ile ulipokataliwa PIP, maana ndo hali inayopimwa na jopo, sio ya leo.